Ukiipenda amplifaya maonyeshoni, waulize habari za spika kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda High End, maonyesho ya vifaa vya kusikilizia muziki pale Munich, nilitoka nimependa. Ilikuwa Mei, chumba cha ghorofani kwenye jengo la MOC, watu tumebanana na joto letu. Mbele zimesimama spika za honi, midomo mipana kuliko sinia la pilau, na katikati yake amplifaya ndogo ya valvu mbili za 300B, yale mabomba ya kioo ya kukuza sauti, zinawaka rangi ya chungwa. Akaimba mwanamama mmoja na besi la mti nyuma yake, nikasikia hata kidole kinavyoteleza kwenye uzi. Nikamuuliza kijana wa chumba, hii ina wati ngapi?

"Nane."

Nane! Mimi niliyekulia Tanga, ambako spika za harusi huhesabiwa wati kwa maelfu.

Baada ya miezi michache nikanunua ya aina hiyo, mtumba, kwa pesa ambayo mpaka leo mke wangu hajatajiwa yote. Spika zangu ni ndogo za kuweka rafuni, desibeli 84. Nikaweka taarabu. Ganuni ikaja tamu, fidla nazo hazikuwa haba. Dumbaki na besi zilipoingia, ikawa debe linapigwa. Nikaongeza sauti, ikakwaruza. Jirani yangu Mjerumani, ambaye hulalamikia hata vikombe, siku hiyo hakugonga mlango.

Amplifaya haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikupiga hesabu. Zile desibeli za kwenye karatasi ya spika ni sauti inayotoka ukiilisha wati 1 na kuipima mita 1 mbele yake. Honi kubwa kama zile hufika 105. Zangu 84, tofauti 21. Na kila desibeli 3 unazotaka kuongeza, wati lazima ziwe mara mbili: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Yaani sauti ambayo honi inaitoa kwa wati moja, spika zangu zingetaka 128. Mimi nilizipelekea nane.

Kwa hiyo siku hizi naanza na spika nitakayoishi nayo, ndipo naitafutia amplifaya. Nikiingia chumbani nauliza desibeli, halafu nauliza omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, zinashuka hadi ngapi. Omu 8 za kwenye karatasi ni za kukadiria tu; spika hiyohiyo inaweza kushuka hadi 3 muziki ukifika kwenye besi, na hapo inadai umeme kama mgeni uliyemwalika peke yake akaja na ukoo mzima. Kwa spika ya namna hiyo natafuta amplifaya inayotoa, tuseme, wati 100 kwa omu 8 na karibu 200 kwa omu 4. Hiyo ina kifua. Ikibaki palepale 100, naaga kwa adabu.

Nyimbo pia nenda nazo zako. Wenye vyumba hupenda sauti ya mwanamke na gitaa, maana hapo hata redio ya dukani inapendeza. Omba ngoma, halafu omba wapunguze sauti usikie kama besi bado ipo.

Maonyesho yenyewe sasa yamehamia Vienna, 2025 ndio ulikuwa mwaka wa mwisho Munich, ila ujanja wa vyumba haukuachwa Ujerumani. Mwaka wa pili nilirudi kwenye chumba kilekile, safari hii nikachuchumaa nyuma ya zile honi. Nikakuta waya wa umeme unatoka kwenye spika unaingia ukutani. Besi zilikuwa na amplifaya yao humo ndani, na ile ya wati nane ilibeba sauti za kati na za juu tu. Nikamwonyesha kijana ule waya.

"Ndiyo," akasema, "mwaka jana hukuuliza."