Beba na Nauli ya Kurudi

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tukuyu. Mvua ilikuwa inapiga bati nyuma yake mpaka ikabidi niusikilize mara mbili. "Shikamoo ba'mdogo. Pepa tumemaliza, na majina ya JKT yametoka, mimi nimepangiwa Mafinga. Sasa nataka nikimaliza ile miezi mitatu niunganishe jeshi moja kwa moja, chuo kitanikuta mbele ya safari. Baba kasema nikuulize wewe kwanza."

Kaka ana akili. Kaniachia mimi nijibu kwa sababu nilikwenda huko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nikakaa miaka miwili, nikarudi nyumbani bila kuchukuliwa na jeshi lenyewe. Waliochukuliwa wana ya kwao ya kusimulia, na mtaani wanasikilizwa sana. Sisi tuliorudi tunaulizwa siku mbili za kwanza, halafu watu wanaona aibu kutuuliza tena.

Nimeanza kumjibu kwa kutenganisha majina, maana huku kwetu Mbeya kijana akionekana na begi stendi ya Nane Nane asubuhi, inasemwa "kaenda jeshi", basi, imeisha. Kumbe milango ni mitatu. Wa kwanza ni huu aliopangiwa yeye, JKT kwa mujibu wa sheria, yaani ile ya lazima, kwa waliomaliza kidato cha sita. Wa pili ni JKT ya kujitolea, mkataba wa miaka miwili, ambao maombi yake yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji na kupanda wilayani na mkoani. Wa tatu ndio jeshi lenyewe, JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambako unaandikishwa askari na kulipwa mshahara. Matangazo ya JWTZ huwa yanadai cheti cha JKT, kwa hiyo bila kupita mmoja wa milango ile miwili ya mwanzo, huu wa tatu ni mgumu. Lakini kupita huko hakumaanishi umechukuliwa. JKT wenyewe hawafichi: kwenye tangazo la kujitolea huandika kabisa kwamba hawatoi ajira wala hawahusiki kumtafutia kijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi, wanachotoa ni mafunzo ya kumwezesha kujiajiri. Tatizo ni kwamba mstari huo upo chini, na sisi tukishaona sifa za mwombaji tunakuwa tumeshakimbilia kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 2010. Wakati huo hakukuwa na mujibu wa sheria, ilisimamishwa 1994 na ikarudi 2013, kwa hiyo aliyetaka alikwenda kwa kujitolea. (Ubishi kuhusu hiyo ya lazima ni wa zamani kuliko baba zetu wanavyokumbuka. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa JKT. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, halafu akajipunguzia mwenyewe mshahara kwa asilimia 20.) Matokeo yangu yalikuwa ya kati, chuo ningepata, mkopo sikuwa na uhakika nao. Na baba alishapania. Mdogo wake alipigana vita vya Kagera, akarudi na medali ambayo bado imening'inia sebuleni kwa bibi, na baba alitaka nyingine ukutani kwake.

Hapo ndipo tulipoibiwa. Alitokea mtu mmoja Mwanjelwa aliyejiita afande. Alikuwa na buti za kijeshi, suruali ya kawaida, na sauti ya mtu asiyependa kuulizwa swali la pili. Tulikutana naye kwenye mgahawa, akaagiza chipsi kuku kwa hela yetu, akatoa daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika jina langu. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa namba 11. Namba hiyo ndiyo iliyomlainisha baba. Alisema moyoni, kumbe wapo wenzetu kumi wameshatangulia. Alilipa laki tatu na nusu, ambayo ilikuwa bei ya magunia saba ya viazi, na yalikuwa ya lumbesa, yamefungwa mpaka kichwa cha gunia kimeota kama kichuguu. Wiki mbili baadaye simu ya yule bwana haikupatikana tena. Viazi vilikuwa vya ada ya wadogo zangu. Nafasi za jeshi haziuzwi, fomu haziuzwi, usaili haununuliwi, na jeshi lenyewe linalitangaza hilo kila mara linapofungua maombi. Mtu akikuomba hata hela ya soda ili "akusogezee jina", ondoka hapo na umwambie na jirani.

Nikaenda kwa njia halali, nikachaguliwa, nikapelekwa Mafinga.

Nitasema kidogo kuhusu Mafinga kwa sababu mwanangu anakwenda huko huko. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba si ya mchezo, na nasema hivyo mimi niliyezaliwa Uyole. Ukungu unatoka kwenye misonobari ya Sao Hill unakaa uwanjani mpaka saa tatu. Mnatoka kwenye hanga, yaani bweni, saa kumi alfajiri, mnakimbia mchakamchaka mkiimba, na ule wimbo kazi yake ni kukusahaulisha kwamba huoni mwenzako wa mbele. Mikono yangu ilipasuka kwenye vifundo vya vidole, nikashika jembe damu inatoka. Fulana ya kijani, bukta ya bluu, raba, shuka za bluu, vyote vimo kwenye orodha utakayopewa. Sweta linaandikwa kwa kifupi tu, kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Wewe beba mawili, na mafuta ya mgando.

Njaa na usingizi vinazoeleka, kila mtu atakwambia. Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni hiki. Siku moja kombania yetu ilipewa kazi ya bustani ya mchicha. Tulivuta kamba, tukapima, tukainua matuta kama ishirini, yamenyooka hivi kwamba nilirudi nyuma kuyatazama kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba. Kesho yake akaja afande mwingine. Akasema matuta yanatakiwa yaelekee upande ule mwingine, yavunjwe. Hakueleza kwa nini. Nilichemka. Niliyavunja, lakini nilikuwa nabishana naye kichwani mpaka usiku, kwenye kitanda, nikapanga na sentensi ambazo ningemwambia. Pembeni yangu kulikuwa na jamaa wa Ludewa tuliyekuwa tunagawana sabuni. Yeye aliyavunja matuta yale yale akipiga mluzi, jioni akala maharage yake, akalala. Nikamuuliza, haikuumi? Akasema, "Si jana nilikuwa nalima, na leo nalima?"

Jamaa huyo ndiye aliyechukuliwa. Sisemi ni kwa sababu ya mluzi. Nasema mwili wangu ulikuwa unafaa jeshi na kichwa changu kilikuwa na mashaka, na sikutaka kukisikiliza kwa sababu ya laki tatu na nusu ya baba. Jeshini amri ndiyo kazi. Wapo watu ambao amri inawapumzisha, hawana haja ya kujua kila kitu, na si wajinga hata kidogo; yule jamaa alinizidi hesabu. Wapo wengine amri isiyo na maelezo inawakwama kooni kama mfupa wa sato. Miezi mitatu ya mujibu inatosha kabisa kukuonyesha wewe ni yupi, na sisi wa 2010 hatukuwa na bahati hiyo. Ndiyo maana nimemwambia mwanangu asiamue akiwa Tukuyu. Aamulie Mafinga, mwezi wa tatu, wakati ule ugeni umeisha na sifa za mtaani hazimfikii.

Na si amri za matuta tu. Vijana wanaongea jeshi kama ni kombati na mshahara. Julai 2013 walinda amani wetu saba waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 2017 wengine zaidi ya kumi waliuawa kwenye shambulio moja huko Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo. Walikuwa vijana waliowahi kujaza fomu za kuomba jeshi kama ninyi. Kama hujawahi kukaa na mama yako mkaongea kuhusu hilo, kwa maneno na si kwa kukwepana macho, bado hujaamua chochote.

Sasa macho. Nilimaliza karibu miaka miwili, mgongo umenyooka, nidhamu safi, walipokuja kufanya usaili kambini nikavuka hatua za mwanzo. Kwenye vipimo vya afya nikasimamishwa mbele ya ubao wa herufi. Mistari ya juu nikasoma. Wa tatu kutoka chini nikaanza kukisia. Yule daktari alikuwa mpole, akanirudisha mara ya pili, nikakisia tena herufi nyingine kabisa. Nilifika umri ule sijui kuwa sioni mbali. Shuleni nilikuwa nakaa dawati la mbele na nikidhani ni kwa sababu napenda kusoma. Miaka miwili imeishia kwenye kitu ambacho kingejulikana kwa vipimo vya nusu saa hapa Mbeya. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wa kujitolea, nenda hospitali, pimwa macho, masikio, meno, moyo, kila kitu, kwa hela yako. Na kama una tatuu, hata ndogo ya jina la mtu, soma tangazo vizuri kwanza.

Nilirudi kwa basi la asubuhi. Orodha ya vifaa ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita ina kitu cha mwisho mwisho ambacho wengi hukiona ni cha kawaida: nauli ya kwenda na kurudi. Mimi naona ndio mstari wa kweli kuliko yote. Wanakwambia tangu mwanzo kwamba utarudi, ujiandae. Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea walisitishiwa mikataba baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai kuandikishwa jeshini. Siwacheki, najua walivyojisikia, maana ukishafanya kazi ngumu kwa muda mrefu unaanza kuona unadai. Lakini karatasi haikuwa imewaahidi.

Nauli ya kurudi, kwa kijana wa leo, si ya basi peke yake. Matokeo ya kidato cha sita hutoka wakati mko kambini, na madirisha ya kuomba chuo na mkopo nayo hufunguka na kufungwa bila kumsubiri aliyeko kwenye kwata. Nimeona watoto wa watu wakitoka kambi za Mafinga na Itende wamenyooka kama mishale, halafu mwaka mzima wanauza vocha Kabwe kwa sababu hakuna aliyewajazia maombi. Kabla ya kuondoka acha namba yako ya mtihani kwa mtu mzima mmoja unayemwamini. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi, sasa hivi, bodi ya mikopo wanakidai. Andika kwenye karatasi kozi unazotaka kwa mpangilio, ili asije akakuchagulia mjomba. Ukiomba chuo hujalisaliti jeshi. JWTZ linaandikisha pia wenye stashahada na shahada, madaktari, wahandisi, mafundi, na umri wao wa ukomo huwa juu kidogo kuliko wa kidato cha sita. Kuna na Monduli, chuo cha maofisa, wenyewe siku hizi wanatoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Kijana mwenye matokeo mazuri ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akiwahi kujiandikisha kwa sababu anaogopa nafasi zitaisha, mimi ningemshika shati.

Ila yule ambaye matokeo yamegoma, nyumbani hakuna shamba wala mtaji, na kukaa kijiweni kumeanza kumharibu, huyo ningemsindikiza kwenye kujitolea kesho asubuhi. Mimi useremala niliupata kule. Karakana yangu hapa Uyole ina vijana wawili, tunatengeneza vitanda na makabati, na mbao za Mafinga nazinunua nikijua ipi imekaushwa na ipi itapinda mwezi ujao. Baba alinichukia mwaka mmoja hivi. Siku nilipompelekea kiti cha kuegemea alikikalia bila kusema kitu, akaomba nimletee redio.

Mwanangu amepita hapa jana na begi lake. Sikumwambia nenda wala usiende, na nadhani alikatishwa tamaa kidogo, alitaka amri. Tulihesabu hela pamoja mezani, ya kwenda akaiweka mfukoni, ya kurudi mama yake alikuwa ameshaishonea kwenye upindo wa taulo. Namba yake ya mtihani, cheti na ile karatasi ya kozi vimebaki kwangu, kwenye droo ya juu ya kabati nililolitengeneza mwaka ule niliorudi. Udaktari ameuweka wa pili. Wa kwanza ameacha wazi.