Kiti 12A Kiko Wazi au Kimechukuliwa? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tovuti na Watu Wenye Ulemavu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtengenezaji wa programu. Mwaka jana nilitengeneza tovuti ya kukatia tiketi za mabasi ya mikoani kwa ajili ya kampuni moja ya usafirishaji. Abiria huchagua safari na tarehe, kisha huoneshwa ramani ya viti ambamo kila kiti ni kisanduku chenye rangi: kijani kikiwa wazi, nyekundu kikiwa kimechukuliwa. Akishagusa kiti ana dakika tano za kuandika jina na kulipia kwa simu. Mwezi uliopita abiria asiyeona alituandikia kwamba anasikia namba za viti tu, hajui kipi kiko wazi, na akigonga mara mbili hasikii lolote. Nikasoma kidogo kuhusu ARIA, nikaongeza role="button" kwenye kila kisanduku, lakini mwenzangu aliyejaribu kwa kibodi anasema hali ni ileile. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, abiria wako amelieleza tatizo kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo naomba tuanzie pale alipo yeye. Simu yake ina kisoma skrini, yaani programu inayotamka kilichopo kwenye kioo. Kwenye simu za Android huitwa TalkBack na kwenye iPhone huitwa VoiceOver. Anatelezesha kidole kwenda kulia ili kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na anapofika anapopataka anagonga mara mbili. Kwa kisanduku chako anasikia “12A”, basi. Rangi ya kijani haitamkwi, kwa sababu katika msimbo wako rangi hiyo ni pambo tu. Anapogonga mara mbili huenda kiti kinachaguliwa kweli, ila kimyakimya. Naye, akidhani hakugonga sawasawa, anarudia, na kiti alichokwisha kukipata kinaachiwa.

Nimewahi kukaa kando ya mwalimu mstaafu asiyeona akihangaika na ramani ya namna hii, katika tovuti nyingine kabisa, kwa zaidi ya nusu saa. Mwishowe alimpa mjukuu wake simu, na alipoombwa kuthibitisha malipo akamtajia na namba ya siri, kwa sauti, sebuleni, mbele yetu sote. Tangu siku hiyo kipimo changu cha tovuti yoyote ni kimoja: je, mtu huyu anaweza kuimaliza shughuli yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kumkabidhi mwingine siri yake?

Sasa nije kwenye kosa. ARIA ni mkusanyiko wa sifa za msimbo ambao W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliupitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2014, ili kurasa zinazobadilikabadilika bila kupakiwa upya ziweze kujieleza kwa visoma skrini. Kazi yake ni kutamka, si kutenda. Ulipoandika role="button" ulikiambia kisoma skrini kwamba hiki ni kitufe, lakini hukukifanya kisanduku kifikiwe kwa kubonyeza Tab, wala kiitikie Enter na Space. Umebandika kibao cha duka kwenye ukuta usio na mlango. Ndiyo maana waandishi wa kiwango hicho wenyewe wanashauri kwamba, pale ambapo HTML, lugha ya msingi ya kuundia kurasa za wavuti, ina elementi (yaani kijenzi cha ukurasa) inayofanya kazi unayoitaka, uitumie hiyo kwanza, na ARIA ibaki kwa yale ambayo HTML haina.

Katika hali yako elementi hiyo ipo. Kwa kuwa abiria anaweza kuchukua viti zaidi ya kimoja, fanya kila kiti kuwa “input” ya aina ya “checkbox”, yaani kisanduku cha kuteua, na lebo yake iseme kila kitu ambacho jicho linakiona: “Kiti 12A, dirishani, kiko wazi”. Kila safu iweke ndani ya “fieldset”, yaani kundi la viteuzi, yenye “legend”, yaani kichwa, cha namba ya safu, ili anayesikiliza ajue yuko mbele au nyuma ya basi. Viti vilivyochukuliwa vipe sifa ya “disabled”. Kibodi itaviruka, na kisoma skrini kikipita juu yake kitasema kwamba havipatikani. Kwa njia hii kivinjari kinakufanyia bure yale uliyokuwa ukijaribu kuyaunda upya: kufikika kwa Tab, kuitikia Space, na kutangaza kwamba kiti kimechaguliwa au kimeachiwa. Usihofu kuhusu sura ya ukurasa, kwani kwa CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, unaweza kuendelea kuvichora viti vyako vilevile ulivyovichora, mradi usiufute ule mstari unaozunguka kitu kilichofikiwa na kibodi. Mstari huo wabunifu wengi huuondoa kwa kuuona unaharibu sura, na wakishauondoa, mtu anayeona lakini mikono yake haiwezi kushika kipanya hajui tena yuko wapi.

Rangi nazo usiziache zifanye kazi peke yake. Wako wanaume wengi kiasi, na wanawake wachache, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kiti kilichochukuliwa kichoree pia alama ya X. Maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya kinachoyazunguka, jambo ambalo hata asiye na ulemavu atakushukuru akisimama juani stendi na simu mkononi.

Baada ya hapo kuna tangazo la jumla ya nauli. Anayeona huona tarakimu zikibadilika chini ya ukurasa. Asiyeona hana habari. Weka sehemu yenye aria-live="polite", na humo uandike “Umechagua kiti 12A” pamoja na jumla ya nauli. Hapa ndipo mahali pa ARIA hasa, kwa maana HTML ya kawaida haina namna rahisi ya kusema kwamba maneno haya yamebadilika. Angalia mambo mawili. Sehemu hiyo iwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo, ikiwa tupu, kwa kuwa ukiiunda na kuijaza kwa mara moja visoma skrini vingi havitaisoma. Pili, saa yako ya dakika tano usiiweke humo ikahesabu kila sekunde: nimesikia tovuti inayotamka “dakika nne na sekunde hamsini na tisa, dakika nne na sekunde hamsini na nane” juu ya kila neno jingine, na hakuna binadamu anayeweza kujaza fomu katika kelele hiyo. Tangaza ikibaki dakika moja.

Kuhusu dakika tano zenyewe, mwongozo wa WCAG, yaani viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti kwa watu wenye ulemavu, unataka kwamba, kwa kawaida, mtu aonywe kabla muda haujaisha, apewe walau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, na aweze kufanya hivyo mara kumi. Mwongozo huo unakubali, hata hivyo, kwamba zipo shughuli ambazo muda ni sehemu ya asili yake, na kushikilia kiti ambacho abiria wengine wanakisubiri ni mojawapo. Suluhisho ni kupanga upya hatua: jina, namba ya simu na njia ya malipo viulizwe kabla ya ramani ya viti, ili saa inapoanza kukimbia kibaki kitu kimoja tu cha kufanya. Anayechapa kwa kijiti alichokishika mdomoni, au anayesikiliza kila herufi anapoiandika, atakuwa amekwisha kufanya sehemu iliyo ndefu bila kufukuzwa.

Kisanduku cha kuthibitisha malipo kinachotokea juu ya ukurasa kitengeneze kwa elementi ya “dialog” na ukifungue kwa showModal(). Kibodi itabaki ndani yake badala ya kuzurura kwenye ukurasa uliofunikwa, Escape itakifunga, na mtu atarudishwa pale alipokuwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi sioni, na natumia kisoma skrini kwenye kompyuta na kwenye simu. Kuna tovuti za Kiswahili ambazo zinasomwa vizuri, na nyingine, tena za Kiswahili kitupu, zinasomwa kana kwamba Mzungu aliyeshuka melini jana ndiye anayesoma. Kosa liko kwenye vifaa vyangu au kwao?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, mara nyingi kosa ni lao, na kulirekebisha ni kazi ya sekunde chache. Juu kabisa ya kila ukurasa wa wavuti kuna sifa iitwayo “lang” inayotaja lugha ya ukurasa. Watengenezaji wengi huchukua kiolezo kilichoandikwa lang="en", wakatafsiri kila neno linaloonekana, wakasahau hilo lisiloonekana. Kisoma skrini kinatii kilichoandikwa: kinachukua sauti ya Kiingereza na kuyatamka maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, hata “nane” ikasikika kama “nein” na “lipa” kama “laipa”. Wakiandika lang="sw", na kifaa chako kikiwa na sauti ya Kiswahili, mambo hunyooka. Sauti hiyo ipo: NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, vijana wawili wasioona wa Australia, huja na eSpeak NG ambayo inazungumza Kiswahili, ingawa kwa sauti ya kimashine. Pale ambapo ukurasa wa Kiswahili una aya ya Kiingereza, aya hiyo nayo ipewe lang="en" yake.

Kwa upande wako, wakati ukiwasubiri warekebishe, unaweza kuchagua Kiswahili mwenyewe katika mipangilio ya sauti ya kisoma skrini unapofungua kurasa hizo. Lakini waandikie. Wataje ukurasa na uwaeleze ulichosikia, neno kwa neno. Naamini wengi wao hawajawahi kusikia tovuti yao ikisomwa.

SWALI: Mhariri, kampuni yetu imeletewa ofa ya programu ndogo ya kubandika kwenye tovuti. Inaweka kitufe pembeni chenye picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, na muuzaji anasema ndani ya saa 48 tovuti itakuwa imetimiza viwango vyote. Tununue?
Meneja, Arusha

JIBU: Hapana. Programu hizo huongeza ukubwa wa herufi na kubadili rangi, mambo ambayo simu na vivinjari tayari vinayafanya, lakini haziwezi kujua kwamba kisanduku fulani ni kiti wala kwamba kimechukuliwa, na wakati mwingine hugongana na kisoma skrini ambacho mtu amekizoea kwa miaka. Januari 2025, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza amri ya kuitaka kampuni mojawapo inayouza bidhaa za aina hii ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kuwapotosha wateja kuhusu uwezo wake wa kuzifanya tovuti zitimize WCAG. Fedha mliyoitenga mpeni mtengenezaji wenu airekebishe tovuti yenyewe, na mkatabani andikeni wazi kwamba kazi itapimwa kwa WCAG 2.2, toleo la Oktoba 2023, ngazi ya AA, iliyo ya kati katika ngazi zake tatu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti kwa jina, kwa hiyo jambo hili halipaswi kuhesabiwa kuwa hisani ya kampuni.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta. Sina fedha za kununua vifaa vya kupimia wala simfahamu mtaalamu wa ufikivu. Nianzie wapi kujaribu kazi zangu?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chomoa kipanya. Fungua kazi yako na ujaribu kuitumia kwa Tab, Shift na Tab, Enter, Space na vishale peke yake, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi shughuli inapokamilika. Mahali utakapokwama, au utakapopoteza mahali ulipo, paandike. Zoezi hili halina gharama, na katika uzoefu wangu huibua makosa makubwa zaidi ya nusu.

Kisha washa TalkBack kwenye simu yako, katika sehemu ya ufikivu ya mipangilio, funga macho, na urudie. Jifunze kwanza namna ya kuizima, kwa sababu ikishawaka mguso wa kawaida hubadilika, na wengi huogopa wakadhani simu imeharibika. Zipo pia programu za bure za kukagua kurasa, na zinafaa kwa kubaini lebo zilizosahauliwa na rangi hafifu. Hazitakuambia, hata hivyo, kama lebo uliyoiandika ina maana kwa anayeisikia. “Kitufe 3” kitapita ukaguzi wa mashine bila tatizo lolote.

Usiishie hapo, maana wewe ukifunga macho unabaki kuwa mtu anayeona aliyefumba macho, na unaikumbuka sura ya ukurasa ulioutengeneza mwenyewe. Vyuo vyetu vina wanafunzi wasioona, viziwi, na wenye ulemavu wa mikono. Mwombe mmoja wao akupe saa moja, umlipe nauli na bando lake, naye atumie simu yake mwenyewe, si yako, kwa sababu yeye ameipanga kasi ya sauti anavyotaka. Mpe shughuli moja ya kukamilisha, kisha kaa kimya. Atakaposita utatamani kumwelekeza, “hapana, juu kidogo, kulia”. Jizuie, na uandike ni neno gani alikuwa amelisikia kabla ya kusita. Akimaliza, muulize alidhani kila kitufe kingefanya nini, urekebishe, umwite tena wiki inayofuata na shughuli ileile.