Kabla hujaizika grenda yako, fungua kaboni kwanza

Juzi usiku kijana mmoja kanitumia meseji, eti kaka grenda yangu imezima ghafla nakata paipu za geti la watu, fundi kaniambia mota imeungua nitafute nyingine. Nikamuuliza kaboni umeziangalia? Kimya. Baada ya kama nusu saa ndo anajibu "kaboni ndo nini". Nilicheka, halafu kicheko kikakata maana nilikumbuka yangu.

Mi nilianza kama saidia fundi, karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Bosi alikuwa na grenda ya inchi 9, zee, rangi yote imebanduka, ila ilikuwa inakata chuma kama muwa. Siku moja ikaanza visirani, unawasha inaunguruma inazima, ukiipiga kofi inaamka, na kwenye matundu ya hewa unaona cheche nyingi kuliko kawaida. Sasa hizo ndo dalili za kaboni kuisha, kaboni ni vile vidude vyeusi viwili vinavyopeleka umeme kwenye komyuteta, zile shaba zilizozunguka shafti ya amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka), na kwa vile vinasuguana nayo muda wote lazima viishe, spring inavisukuma mpaka inafika mahali havigusi tena.

Bosi akanipa hela niende mjini nikanunue kaboni zake zenyewe. Nimefika dukani, tamaa ikanishika. Nikachukua za stata ya gari zilizotumika, bei ya kutupa, nikazisugua kwa msasa mpaka zikaingia kwenye nyumba yake, kile kitundu kinachoshika kaboni, chenji nikanywea supu na chapati mbili. Nasema tu ukweli.

Ilifanya kazi kama dakika kumi hivi. Halafu moto ukawa unazunguka komyuteta nzima kama pete, harufu ya vanishi ya waya za mota, moshi, kwisha. Nilikuja kujua baadae sana kwamba kaboni za stata zina shaba nyingi ndani kwa sababu zimetengenezwa kwa volti 12 na ampea nyingi, ukiziweka kwenye mashine ya volti 230 unaiua kwa mkono wako mwenyewe. Bosi aliniita mwizi mbele ya wateja na akanikata mshahara miezi miwili. Sikuwa na la kujibu. Mpaka leo nikipita ile njia navuka upande wa pili.

Sasa mwezi huu grenda yangu mwenyewe, niliyonunua mtumba, ikaanza visirani vilevile na nimeirudisha kazini mwenyewe bila fundi, ndo maana kifua kiko mbele kidogo. Kwanza chomoa plagi, sio kuzima swichi, CHOMOA. Pembeni ya mashine kuna vifuniko viwili vya kufungua kwa bisibisi bapa (nyingine mpaka ufungue kava la nyuma), ukifungua taratibu spring inaitoa kaboni yenyewe. Ikiwa imebaki milimita 5 au 6 hivi, toa. Nenda nayo dukani mkononi, pima upana, unene na urefu, usiseme tu "nipe ya grenda". Isipoingia usiilazimishe, na ikichezacheza pia siyo yake. Pulizia vumbi, angalia spring kama imelegea au imebadilika rangi kwa joto, hiyo nayo imekufa. Komyuteta ikiwa nyeusi pitisha msasa laini kidogo tu. Halafu iwashe bila mzigo, yaani bila kukata kitu, dakika chache, cheche kidogo mwanzoni sio tatizo, kaboni inakaa sawa na mviringo wa shaba. Ila ukiona ile pete ya moto zima haraka, hapo huenda amecha ndo ina shida, mpelekee msuka mota.

Vijana wenzangu tunapenda sana njia ya mkato, na tunapenda kuambiwa "nunua mpya" maana inatufanya tuonekane wenye hela. Kifaa kinachokulisha ukijue ndani nje jamani, hata kama ni chakavu, fundi wa kweli hafichi chenji wala haogopi kufungua skrubu mbili. Naongea hivi kwa sababu nimelipa.

Yule kijana leo asubuhi kanitumia picha. Kaboni moja imebaki kama punje ya mchele, ya pili bado ina mwili mwili. Anauliza kaka si ninunue moja tu, hii nyingine mbona bado nzima?

Mbili, nimemwambia. Zinabadilishwa pamoja. Na sio za gari.