Sake yanukia ndizi?

SWALI: Shangazi, mgeni wetu kutoka Japani alituachia chupa ya sake aina ya ginjo. Mume wangu anasema inanukia ndizi. Pombe ya mchele inatoa wapi ndizi? – Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Shemeji ana pua nzuri, mwanangu! Hakuna tunda lililotiwa humo. Mchele wa ginjo hukobolewa hadi ibaki asilimia 60 ya punje au pungufu, kisha huchachushwa taratibu kwenye baridi. Chachu ndiyo inayotoa harufu ya ndizi, au tufaha. Ipozeni kwenye friji, maana joto letu litaifisha. Nusa kwanza. Halafu izungushe ulimini, utafute utamu, uchachu, na ile ladha nzito kama ya mchuzi wa dagaa. Mimi ningeinywea na sato wa kuchoma, pilipili ikae mbali kabisa.