Nilikata tiketi ya Uvinza, nikashuka Tabora

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nachukua dagaa Kigoma na kuuza Tabora. Kwa miaka miwili nimekuwa nikikata tiketi ya treni ya kuishia Uvinza, kisha sishuki, naenda hadi Tabora. Mkaguzi akinikuta namwachia ya chai, yanaisha. Nilijiambia treni ni ya serikali, kodi nalipa, na kiti kilikuwa kitupu. Sasa moyo unanisuta. Je, nina deni? Nalilipaje? Na swala nilizofupisha safarini zilisihi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Ndugu yangu, deni unalo.

Tiketi ni mkataba wa ijara, yaani wa kulipia huduma au matumizi ya kitu. Ulilipia kubebwa hadi Uvinza. Kutoka hapo, Nguruka, Kaliua, Urambo mpaka Tabora, ulibebwa kwa kitu ambacho mwenyewe hakukuuzia. Wanazuoni wetu wa Kishafii wanasema anayetumia manufaa ya mali ya mwenziwe bila idhini analazimika kulipa ujira wa mfano, yaani kile watu wanacholipa kwa kitu kama hicho. Kiti kuwa kitupu si hoja. Nyumba ya jirani ikikosa mpangaji, huingii ukalala bure.

Hilo la "ni ya serikali" ndilo linalonitia hofu zaidi. Mali ya mtu mmoja utamfuata, utamwangukia, huenda akasamehe. Mali ya umma utamwomba nani radhi? Baada ya vita vya Khaybar, mtumishi wa Mtume (s.a.w.) alipigwa mshale akafa, watu wakasema hongera yake, amepata shahada. Mtume akasema hapana, ile shuka aliyoichukua kwenye ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaja mbio kurudisha kamba ya kiatu aliyokuwa ameichukua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kamba ya kiatu tu, seuze nauli ya miaka miwili!

Zile za chai hazikupunguza deni hata shilingi. Mkaguzi anapokea nauli kwa niaba ya shirika akikuandikia stakabadhi, asipoandika, ameweka mfukoni mwake, na wewe umeongeza dhambi ya rushwa, ambayo Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wake. Na wakaguzi wanaosoma hapa nao wamche Mungu: mama asiye na nauli hashushwi usiku na watoto kwenye kituo cha porini. Ingawa naye, dharura yake haifuti haki ya mwenye treni, akipata atalipa.

Sasa malipo. Hesabu safari kwa dhana iliyo karibu na yakini. Ukisita kati ya ishirini na ishirini na tano, shika ishirini na tano. Kila safari lipa tofauti ya nauli ya Uvinza na ya Tabora. Wapo wanaoshauri mtu akate tiketi asisafiri. Pesa itafika, lakini angalia: kwenye treni yenye namba za viti, tiketi hiyo inaweza kumnyima mgonjwa anayewahi hospitali. Kwa hiyo nenda kwanza kwa mkuu wa kituo, useme una nauli unayodaiwa, upewe stakabadhi. Hulazimiki kusimulia yote. Ikishindikana, ndipo ukate tiketi za siku ambazo mabehewa hayajai. Usiitoe sadaka, kwa sababu mwenye haki yupo na anajulikana. Faini haikulazimu, hiyo ni adhabu ya mamlaka kwa aliyekamatwa.

Mtaji wako hauharamiki. Dagaa ulinunua kwa pesa yako halali, deni liko kwenye nauli.

Kuhusu swala, usizirudie. Asiyeruhusiwa kufupisha, kwa Mashafii, ni yule ambaye safari yenyewe kaifunga kwa ajili ya maasi, kama anayekwenda kuiba. Wewe ulitoka kwa biashara halali, ukaasi ndani ya safari, na Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita mia tatu. Rukhsa yako ya kufupisha ilibaki.