Maswali na majibu: Kuipiga picha nyotamkia

Nyota yenye mkia ikishaonekana kwa macho matupu, maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa.

Nina darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000, na kamera. Nikiviunganisha, si nitapata picha nzuri kuliko ya lenzi?

Utapata kichwa, mkia ubaki nje. Kamera yenye sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa ya milimita 36 kwa 24, ikifungwa kwenye darubini hiyo, huona upana wa nyuzi 2 tu za anga, yaani kama miezi mpevu minne iliyopangwa mstari mmoja. Mkia wa nyotamkia angavu huweza kufika nyuzi 10, hata 20. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 40, na ya 135 huona nyuzi 15. Hii ya 135 ndiyo naipenda kuliko zote. Darubini iwekee kazi ya kichwa peke yake: hapo ndipo utaiona ile rangi ya kijani, inayotoka kwenye molekuli za kaboni zinapopigwa na miale ya Jua. Na kama fedha ni chache, nunua kwanza stendi nzito ya miguu mitatu. Lenzi nzuri juu ya stendi inayotikisika ni hasara tupu.

Niache shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, wazi kwa sekunde ngapi?

Gawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Milimita 50 ni sekunde 10. Milimita 200 ni sekunde 2.5. Ukizidisha, nyota zinakuwa vistari, maana Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Sensa ikiwa ndogo, gawanya tena kwa 1.5. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 1600 na tundu la lenzi la f/2.8, kisha rekebisha kadiri giza linavyoingia. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazibana.

Nimeweka fokasi kwenye alama ya mbali kabisa, lakini nyota zimevimba kama punje za mahindi.

Alama ile usiiamini. Zima fokasi ya kujiendesha, elekeza kamera kwenye nyota kali, kuza taswira kwenye skrini mara 10, halafu zungusha pete polepole. Nyota itapungua, itapungua, iwe kidoti. Ukipitiliza itaanza kuvimba tena, basi rudi kidogo. Bandika utepe ili pete isisogee. Kichwa cha nyotamkia hakifai kwa kazi hii, kimejaa ukungu.

Kuna usiku nilifanya yote hayo, nikapiga picha zaidi ya mia, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi nikakuta kuanzia picha ya arobaini hivi kila kitu kinafifia, hadi za mwisho zikawa maziwa matupu. Umande! Siku hizi nazungushia lenzi mkanda wa joto, na kila baada ya dakika 15 namulika kioo kwa tochi.

Simu inatosha?

Kwa nyotamkia angavu, ndiyo. Ile ya Oktoba 2024, Tsuchinshan-ATLAS, wengi waliipiga kwa simu. Tumia hali ya usiku, iegemeze simu kwenye kitu imara, weka kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise.

Nimeunganisha picha 60 kwa kuzipanga juu ya nyingine ziwe moja. Nyota ni safi, nyotamkia imekuwa mchirizi.

Kwa sababu nayo inasafiri kati ya nyota. Programu ya DeepSkyStacker, ambayo ni ya bure, inakuruhusu kuweka alama kwenye kichwa katika picha, kisha inazipanga kwa kukifuata hicho. Unganisha mara mbili, mara moja kwa kufuata nyota na mara moja kwa kufuata kichwa, halafu ziweke pamoja kwenye programu ya kuhariri.

Ikiwa karibu na Jua, nianze kuitafuta lini?

Jua likishazama lote, si kabla. Alfajiri, funika darubini kabla halijachomoza. Jua likiingia kwenye darubini bila kichujio maalumu, jicho linaungua papo hapo.

Wanasema ijayo itawaka kuliko zote. Ninunue vifaa sasa?

Nyotamkia ISON nayo ilisemwa hivyo. Tarehe 28 Novemba 2013 ililipitia Jua kwa karibu, ikasambaratika. Azima stendi ya rafiki, subiri uione kwanza.