Kabla Hujalipia Kiwanja Matema

Ikifika Januari, waliokula sikukuu Matema, kando ya Ziwa Nyasa, huanza kunitafuta. Wamerudi Mbeya au Dar na picha za ziwa kwenye simu, na swali lao ni lile lile: kiwanja cha kuona maji kinauzwaje? Mimi si dalali. Nina kinyumba changu huko, upande wa nyuma, mbali na mchanga, na wakwe zangu ni watu wa Ipinda, jirani hapo. Bei huwa sijibu. Namwambia mtu kwanza aniambie kama amewahi kukaa Matema mwezi wa nne, kwa sababu Matema ya Desemba na Matema ya Aprili ni sehemu mbili.

Anza na ramani. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Unatoka Uyole na sweta, unapita Kiwira na Tukuyu katikati ya migomba na chai, halafu barabara inaanza kuteremka na masikio yanaziba. Ukifika Kikusya unakunja kushoto kuelekea Ipinda, na siku hizi lami inakupeleka mpaka Matema. Hapo sweta limeshaingia begini, kwa maana umeshuka zaidi ya kilometa nzima kwenda chini. Joto lake ni la bondeni hasa, na mbu nao wapo.

Mashariki mwa Matema kuna milima ya Livingstone. Haianzi mbali kisha ikapanda polepole. Inasimama pale pale majini na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Ndiyo maana asubuhi Matema hubaki kivulini muda mrefu huku upande wa Kyela mjini jua limeshawaka. Wanawake wanaoanika dagaa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote; utawaona wamekunja mikono wakisubiri mwanga ushuke mlimani ndipo wamwage samaki. Magharibi ni tambarare tupu, na tambarare hiyo imeletwa na mito: Songwe mpakani na Malawi, kisha Kiwira, Mbaka, na Lufilyo ambao ndio jirani wa Matema. Mito hiyo inabeba maji na udongo kutoka Rungwe na safu za Uporoto, inakuja kuumwaga huku chini. Udongo huo ndio unaotoa mchele wa Kyela mnaougombania mijini.

Kwa hiyo mbele una ziwa, mkono wa kushoto ukilitazama una mlima, mkono wa kulia una mto na majaruba ya mpunga. Ardhi kavu iliyobaki ni mkanda. Watu wote, pamoja na kanisa, soko, hospitali, shule, nyumba za wageni na makaburi, wamejipanga kwenye mkanda huo. Mtu akikwambia ana eneo kubwa, tupu, karibu na maji, halina mtu wala zao, jiulize kwa nini wenyeji wenye njaa ya ardhi wameliacha.

Swali hilo niliwahi kumuuliza mzee mmoja, tumesimama kwenye kiwanja ambacho shemeji yangu alikuwa anakitamani. Kulikuwa kukavu, nyasi fupi, ng'ombe wanalishwa. Mzee akatazama chini, akasema, "Hapa ni pa maji, mwanangu. Yametoka tu kidogo, yatarudi." Kisha akanipeleka hatua chache hadi kwenye mti na kunionyesha alama ya tope kwenye gamba lake, juu ya goti langu. Shemeji aliacha mpango ule siku hiyo hiyo.

Maji ya mto ni rahisi kuyaelewa, kwani yanakuja na mvua na kuondoka nayo. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake ni Machi hadi Mei. Maji ya ziwa ndiyo yanayowachanganya wageni. Ziwa Nyasa lina njia moja tu ya kutokea, mto Shire, kule mwisho wa kusini nchini Malawi, ambao unaenda kuungana na Zambezi. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, ziwa hupanda, zikipungua, hushuka. Kuanzia mwaka 1915 lilikuwa limeshuka kiasi kwamba maji yaliacha kabisa kutoka kupitia Shire, na hali hiyo ilidumu karibu miaka 20. Mwaka 1980 nalo lilikuwa limepanda juu sana, na mashamba ya pwani yakaliwa. Ndani ya mwaka mmoja wa kawaida tu, linapanda na kushuka kama mita moja. Mita moja kwenda juu haitishi ukiisikia. Kwenye ufukwe ulio bapa kama wa Matema, mita moja kwenda juu ni hatua nyingi sana kuja nyumbani kwako.

Ongeza upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi unasafiri juu ya maji matupu kwa zaidi ya kilometa 500, na Matema ndiko unakofikia. Mawimbi ya siku hizo hayana tofauti na ya baharini. Yanakula mchanga usiku, asubuhi unakuta ukingo umekatwa wima na mizizi ya miti inaning'inia. Faida moja ni kwamba maji haya hayana chumvi, kwa hiyo bati halioti kutu kama la Bagamoyo.

Sheria nayo inakuja hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya hapo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari, mto au bwawa. Wengi huipima kiangazi, kutoka maji yalipo siku hiyo. Mimi nakushauri utafute mstari wa juu kabisa wa takataka, yale magome, makopo na mabua ambayo mawimbi yameyaacha, na uanzie kamba yako hapo. Kama muuzaji anacheka ukifanya hivyo, mwache acheke.

Halafu chimba shimo. Namaanisha shimo kweli, urefu wa mtu, baada ya mvua kubwa, pale unapotaka kuweka choo. Upande wa mchanga maji yanaweza kuanza kuchuruzika kabla hujafika kiunoni. Hapo choo cha shimo cha kawaida ni kuichafua tu kisima chako na cha jirani, na Kyela ni wilaya inayoijua kipindupindu. Fundi wa huko atakwambia ukiinue choo juu ya ardhi, ngazi na yote, na ujenge mapipa yake kwa saruji isiyopitisha maji. Inagharimu. Iweke kwenye hesabu kabla hujanunua bati. Na usimruhusu fundi aruke linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ziwa lote hili limekaa kwenye Bonde la Ufa, na matetemeko ya ardhi ya Karonga, Malawi, ya Desemba 2009 yalitokea ng'ambo tu ya maji haya.

Kuhusu kuogelea, nitasema machache. Ufukwe wa mchanga unateremka taratibu, lakini ukisogea kwenye miamba ya mashariki kina kinashuka ghafla. Ziwa hili linafika mita 700 kwenda chini mahali penye kina kirefu zaidi. Kwenye mdomo wa Lufilyo kuna mamba. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Waulize watoto wa hapo wanaogea wapi.

Sasa watu. Wanunuzi wengi hawaulizi kabisa kuhusu watu, au wakiuliza wanataka namba. Namba ninazo. Sensa ya 2012 iliihesabu Kyela watu takriban 221,000, na ya 2022 takriban 266,000. Ni ongezeko la kama asilimia 20 kwa miaka kumi, wakati Tanzania nzima ilitoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, yaani asilimia 37. Na mtu akikuonyesha kwamba mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012 na 2,343,754 mwaka 2022, asikwambie kwamba watu wamekimbia. Ni mkoa wa Songwe uliomegwa mwaka 2016 ukaondoka na watu wake. Dalali mmoja alinitolea hizo hesabu kwa uso mkavu kunithibitishia kwamba ardhi imebaki tele.

Kwa nini Kyela inakua polepole kuliko nchi? Ardhi imejaa na vijana wanaondoka. Si jambo jipya. Babu zetu Wanyakyusa walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, na migodi ya shaba Zambia, tangu enzi za mkoloni. Siku hizi ni Mbeya, Tunduma, Dar. Lakini aliyeondoka hajahama. Shamba lake lipo, ndugu yake anaishi humo, na Desemba anarudi na familia. Sensa huhesabu waliolala mahali usiku wa kuamkia siku yake, na ile ya 2022 ilikuwa Agosti 23, mpunga umeshavunwa. Ungehesabu sikukuu ungepata Matema nyingine. Na ukinunua "eneo la mtu aliyepo Dar" bila ndugu zake kuketi, utakutana nao wote hiyo hiyo Desemba.

Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya marika: vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga pamoja, wakazeekea pamoja. Mfumo ule umekwisha, lakini mtu wa huko bado anajua nani alijenga karibu na nani na kwa nini. Kumbukumbu hiyo ina nguvu kuliko karatasi yako ya mauziano.

Pia si Wanyakyusa peke yao. Ukitembea ufukweni kuelekea mlimani unafika Lyulilo, na mbele yake, kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu inayong'ang'ania ukingo wa mlima, ni Ikombe, kwa Wakisi. Hawa ardhi ya kulima hawana. Mlima umewasukuma hadi majini. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga vyungu, na Jumamosi vyungu hivyo vinashushwa kwenye soko la Lyulilo. Nenda ukakae pale asubuhi moja. Mama mmoja niliyenunua kwake alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakiweka pembeni, akanipa kingine. "Hicho kitakutia aibu kwa mkeo," akasema. Vyungu hivyo utavikuta hadi Mbeya mjini, na ule ufukwe unaotaka kuuzungushia ukuta ndio njia yao. Mitumbwi inapakia hapo, nyavu zinaanikwa hapo, maji yanatekwa hapo. Ukifunga njia umegombana na vijiji viwili kwa mkupuo.

Mashamba ya kakao nayo yanataka jicho. Bei ya kakao duniani ilipopaa mwaka 2024, mwenye miti yake aliona fedha ambazo hakuwahi kuziona. Mtu anayekuuzia shamba la kakao lenye miti inayozaa, tena kwa haraka, ana shida fulani. Ijue hiyo shida kwanza: inaweza kuwa ugonjwa na ada za watoto, inaweza kuwa kesi.

Kama eneo liko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayoliongoza, na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake haukutoshi. Jambo lipite halmashauri ya kijiji, liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, nawe upate nakala. Majirani wa pande zote wasimame kwenye mipaka na kusaini. Mke au mume wa muuzaji awepo. Uliza kuhusu makaburi, maana huku watu huzikwa nyumbani, na kaburi la zamani linaweza kuwa rundo tu la mawe chini ya mgomba. Kijiji kina haki ya kukuuliza wewe ni nani na unakuja kufanya nini, usikasirike ukiulizwa.

Ukishanunua, nenda misibani. Kule msiba haukosi mtu, na asiyeonekana msibani hahesabiwi. Nilipokuwa mgeni, mama mkwe aliniambia, "Baba, wewe beba kuni tu, ukae. Hakuna atakayekuuliza zaidi." Nilijifunza salamu ya Kinyakyusa, "Ugonile", na asante sana yao, "Ndaga fijo", nikabeba kuni. Kwenye msiba mmoja wa mwezi wa pili nilijua nani ni mdogo wa nani, nani ana ugomvi wa mpaka na nani, na kwamba kile kiwanja kizuri karibu na mwalo kimeshauzwa kwa watu watatu tofauti.

Nafasi ninayopendekeza mimi ni nyuma ya barabara, kwenye mwinuko mdogo wenye miembe mikubwa na nyumba za wazee. Ziwa hulioni ukiwa kitandani. Unalisikia usiku wa kusi, na kwa miguu unalifikia kabla chai haijapoa. Ukitaka kuja kuangalia, panda gari la Ipinda mwezi wa nne, lete mabuti ya mvua na kamba ya mita 60, na umwambie mwenyeji wako akupitishe njia ya majaruba, asikupitishe ya hotelini.